Barua zilizokataliwa haziko kwetu

Imekuja tena. Tiketi ya malalamiko kwetu sisi watu wa tehama wa chuo, herufi kubwa tupu, nakala kwa mkuu wa kitivo: kisanduku cha barua pepe kilijaa, mwanafunzi ameshakisafisha, na sasa anadai tumwachilie barua "zilizokwama" katika kipindi hicho. Kila mara ni "zilizokwama". Utadhani nyuma ya seva tuna chumba ambamo barua zimepanga foleni, na mimi ndiye niliyekalia ufunguo.

Chumba hicho karibu kila mara hakipo. Hiyo "karibu" nitaifikia, maana ndiyo inayoninyima usingizi.

Seva ya mtumaji inapoleta barua huanza na mazungumzo mafupi na seva yetu. Inajitambulisha, inamtaja anayetuma, inamtaja anayepelekewa. Hadi hapo maandishi ya barua na viambatisho vyake bado viko kwao. Seva yetu ikiona kwamba mgao wa nafasi wa huyo anayepelekewa umekwisha, inajibu kwa namba ya kukataa na habari inaishia hapo. Kwa hiyo barua yako haikufika mlangoni ikakwama ndani. Haikuingia. Kilichobaki kwetu ni mstari mmoja kwenye kumbukumbu za seva: saa, anwani ya mtumaji, anwani yako, namba ya kukataa. Mada ya barua hatuijui, sembuse maandishi. Unaponiambia nikurudishie, unaniomba kitu ambacho sijawahi kukishika.

Namba yenyewe ndiyo inayoamua yatakayofuata. Ikianza na 4, kama 452, maana yake ni "sasa hivi haiwezekani, rudi baadaye". Ikianza na 5, kama 552, maana yake ni "hapana, usirudi". Kwa ile ya kwanza seva ya mtumaji hubaki na barua na kujaribu tena na tena. Kanuni za SMTP (lugha ambayo seva za barua huongea), yaani hati RFC 5321 ya mwaka 2008, zinasema muda wa kukata tamaa kwa kawaida usipungue siku 4 au 5, na Postfix, programu ya seva ya kupeleka barua, ikiachwa na mipangilio yake ya asili hungoja siku 5. Kwa ile ya pili barua hurudi kwa mtumaji papo hapo ikiwa na taarifa ya kushindwa.

Naamini hapa ndipo imani ya chumba cha siri ilipozaliwa. Mmoja alisafisha kisanduku jioni, kesho yake barua tatu za juzi zikaingia zenyewe. Akawasimulia wenzake bwenini kwamba watu wa tehama wamezifungulia. Hatukufungulia chochote. Seva ya mtumaji ilipewa namba ya 4, ikawa na subira, ikarudi ikakuta nafasi. Jirani yake aliyeandikiwa na seva nyingine, au aliyesafisha siku ya saba, hakupata kitu, na sasa anaamini tunapendelea.

Sasa ile "karibu". Vyuo vingi vinavyoendesha seva zao wenyewe vina seva ya mbele inayopokea barua kutoka nje, halafu nyingine ya ndani inayoziweka kwenye visanduku. Kama seva ya mbele haiulizi kwanza kuhusu nafasi, itaipokea barua kwa heshima zote, iipeleke ndani, na huko ndiko itakakokataliwa. Ikikataliwa kwa muda, barua yako kweli inakaa kwenye foleni yetu. Ndiyo, nimekubali, chumba kipo, kwa siku 5. Lakini hata hapo huhitaji kuniandikia: ukipata nafasi, foleni inaisukuma yenyewe. Ikikataliwa moja kwa moja, ni seva yetu inayolazimika kumwandikia mtumaji kwamba imeshindikana. Na kama anwani ya mtumaji ilikuwa ya kughushi, tunakuwa tumemrushia takataka mtu asiyehusika. Ndiyo maana napendelea nafasi iulizwe mlangoni, kabla ya kupokea. Dovecot, programu inayotunza visanduku, ina huduma yake kwa kazi hiyohiyo, na anayeacha kuiwasha anajitafutia kazi.

Kuna swali moja ambalo vitabu hupita kando yake na mimi sijalimaliza: tukatae kwa muda au moja kwa moja? Dovecot ina mpangilio unaoitwa quota_full_tempfail. Kwa asili umezimwa, yaani aliyejaa anakataliwa moja kwa moja. Ukiuwasha, mwanafunzi anapewa siku kadhaa za kusafisha bila kupoteza barua. Ni huruma, na moyo wangu uko huko. Tatizo ni kwamba mtumaji naye anabaki gizani. Postfix kwa mipangilio ya asili haimwambii mtumaji kwamba barua yake imechelewa. Anaambiwa siku ya tano, inapokufa. Mhadhiri aliyemwandikia mwanafunzi Jumatatu kwamba mtihani umesogezwa hadi Alhamisi angejua Jumatatu hiyohiyo kuwa barua imegonga mwamba, akamtafuta kwa njia nyingine. Kwa huruma yangu atajua Jumamosi. Nimewahi kuupigania mpangilio huo pande zote mbili katika vikao tofauti, na kila upande nilikuwa na hoja nzuri. Leo ningekataa moja kwa moja. Mniulize tena baada ya msimu wa udahili.

Taarifa ya kushindwa nayo inarudi kwa nani? Mwandikaji akiwa binadamu, ataiona. Barua ya mfumo wa mikopo, ya maombi ya kazi au ya maktaba hutumwa na mashine, na majibu ya kushindwa yanapokelewa na mashine. Hakuna mtu atakayeshtuka. Kibaya zaidi, mifumo ya kutuma barua kwa wingi huhesabu. Mailman, programu ya kuendesha orodha za barua, kwa mfano huipa anwani yako alama kila siku ambayo barua zinarudi, na kwa mpangilio wa asili alama zikifika 5 inasimamisha kukutumia. Unasafisha kisanduku, nafasi inapatikana, na matangazo ya idara bado hayaji. Usiniandikie mimi. Mwandikie anayesimamia orodha hiyo akurudishe, au ingia kwenye ukurasa wa uanachama ujirudishe.

"Lakini nilishafuta kila kitu kabla hakijajaa!" Ulifuta nini, na ukafuta wapi?

Idadi ya barua haina maana kubwa. Matangazo 10,000 yenye kilobaiti 50 kila moja ni megabaiti 500. Viambatisho 20 vya megabaiti 20 vinazidi hapo, kwa sababu kiambatisho hugeuzwa kuwa maandishi ili kisafiri, na mageuzi hayo yanaongeza ukubwa kwa takriban theluthi. Faili la megabaiti 20 linasafiri likiwa na megabaiti 27 hivi, na ndivyo linavyolala kisandukuni. (Hapo pia pana jibu la anayelalamika kwamba faili lake liko chini ya kikomo na bado limekataliwa.) Kwa hiyo kukaa usiku kucha ukifuta matangazo moja moja ni mazoezi ya kidole tu. Panga barua kwa ukubwa. Kwenye Gmail andika larger:10M kwenye sehemu ya kutafuta. Anza na zilizotumwa, maana huko hakuna anayefika. Kila ripoti uliyomtumia msimamizi wako "nimerekebisha kidogo", "hii ndiyo ya mwisho", "samahani hii ndiyo ya mwisho kabisa", zote zimo, nzima nzima.

Halafu kufuta kwenyewe. Kuhifadhi kwenye kumbukumbu ("Archive") si kufuta. Barua inatoka machoni na uzito unabaki, na programu za simu nyingi ukitelezesha kidole zinafanya hilo. Kupeleka kwenye Tupio nako hakujaachia nafasi. Gmail inalisafisha Tupio baada ya siku 30, na siku zote hizo linahesabiwa. Kwenye IMAP, njia ambayo programu husomea barua zikiwa kwenye seva, barua inaweza kuwekewa alama tu kwamba imefutwa, ikaendelea kukaa mpaka programu itoe amri ya kuziondoa zenye alama. Simu yako haikuonyeshi, seva inazihesabu. Exchange, seva ya barua ya Microsoft, ina ngazi moja zaidi: ukishalimwaga tupio, barua inaingia kwenye folda ya vinavyoweza kurejeshwa, kwa kawaida siku 14, na hiyo haili mgao wako wa kawaida. Aliyemwaga kwa hasira na kujuta anaweza kuokolewa humo. Hizo ndizo barua ninazoweza kurudisha: zilizoingia kisha ukazifuta.

Na kuna lalamiko moja ambalo wenzangu hulicheka na mwanafunzi ndiye mwenye haki: "Nafuta, inakataa, inasema hakuna nafasi." Ni kweli kabisa. Baadhi ya programu zikifuta hunakili kwanza barua kwenye Tupio, kisha huondoa ya asili. Kisanduku kimejaa pomoni, nakala haina pa kukaa, kufuta kunashindikana. Mwaga Tupio kwanza, au futa moja kwa moja kwa Shift na Delete.

Zaidi ya hapo, huenda kilichojaa si barua. Kwa Google barua, Drive na picha vinakula sufuria moja. Faili ulilotumiwa na mwenzako linahesabiwa kwake mwenye nalo. Kuliondoa kwenye orodha yako ni kuchana kadi ya mwaliko wa harusi ukidhani umempunguzia bwana harusi gharama za ukumbi. Mihadhara uliyorekodi wewe ndiyo yako.

"Si mwongeze tu nafasi?" Mwaka 2021 Google ilitangaza mwisho wa hifadhi isiyo na kikomo kwa vyuo, ikaweka terabaiti 100 za msingi kwa taasisi nzima. Microsoft nayo ikafuata kwa kiasi hichohicho cha pamoja. Gawa 100 kwa akaunti 20,000: ni gigabaiti 5 kwa kila mtu, wakati akaunti yako ya bure ya Google ina 15. Naona aibu kuliandika hili, lakini hesabu ndiyo hiyo. Anayetaka zaidi anakimega cha mwenzake, mara nyingi cha waliohitimu ambao akaunti zao tunazifunga. Kuzifunga ni haki? Nina mashaka. Kuna watu ambao anwani ile imo kwenye machapisho yao.

Kuhamishia barua zote kwenye akaunti binafsi? Nakala ikibaki kwetu nafasi haijapona, na barua zilizohamishwa mara nyingi huangukia kwenye taka kwa kuwa ukaguzi wa SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la anwani fulani) unaona zimetumwa na seva isiyo ya mwenyewe.

Kushindwa kuingia kwenye akaunti ni shauri jingine kabisa. Kisanduku kilichojaa hakimfungii mtu mlango. Kama nenosiri linakataliwa kwenye programu ya zamani ya simu na kwenye kivinjari linakubali, programu hiyo inatumia njia ya zamani ya kuthibitisha, ambayo Microsoft ilianza kuizima kwa wote Oktoba 2022. Badilisha programu. Na kama umepoteza simu ya uthibitisho, njoo na kitambulisho.

Mwenye hofu kwamba kuna barua muhimu iliyokataliwa, aniandikie anwani ya mtumaji na tarehe anayodhani ilitumwa. Nitaangalia ule mstari mmoja na kumwambia kama ilijaribu kuingia, saa ngapi, na ilipewa namba ya 4 au ya 5. Kisha amwandikie mtumaji aitume upya. Picha ya mstari mwekundu wa "hifadhi imejaa" haihitajiki, hasa ikiwa ya megabaiti 8.