Msimbo Mubashara: Tatizo Liko Kwenye Neno la Pili

Juzi nimetazama tena onyesho lililotangazwa kuwa la "msimbo mubashara". Jamaa aliandika sentensi moja kwenye kisanduku cha programu ya akili mnemba, kwamba anataka muziki wa dansi wenye besi nzito, akabonyeza, akakunja mikono. Punde wimbo ukaanza, ukalia mpaka mwisho. Watu wakapiga makofi. Ni mara ya tatu sasa kuliona jambo hili, nikaona nisinyamaze tena.

Maana yenyewe haihitaji maneno mengi. Msimbo mubashara ni kutunga muziki kwa kuandika na kubadilisha programu huku programu hiyohiyo ikitoa sauti. Huisimamishi, unagusa mstari, mdundo unageuka. Lugha za kazi hiyo zipo: SuperCollider ya James McCartney tangu 1996, TidalCycles ya Alex McLean, Sonic Pi ambayo Sam Aaron aliianza 2012 akiwalenga wanafunzi, na Strudel inayofanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote.

Na tafadhali, kwa kuiga "live coding" ya Kiingereza, tusiseme "kukodi mubashara". Kukodi ni kulipia kitu cha mwenzio ukitumie kwa muda. Ingawa, nikifikiri vizuri, yule jamaa wa kisanduku alikuwa anakodi kweli.

Tuje kwenye neno la pili. Redio na televisheni zimetuzoesha kwamba mubashara ni kile kinachorushwa wakati uleule kinapotokea. Si kosa, lakini hapo tumebaki na saa tu, mkono tumeusahau. Neno limetoka Kiarabu, na mzizi wake unatupeleka kwenye ngozi: bashara ni ngozi ya mwili, na mubashara ni kugusana ngozi kwa ngozi, halafu ikawa kulishika jambo mwenyewe bila mtu wa kati. Kichekesho ni kwamba mzizi huohuo ndio uliotupa kubashiri. Na akili mnemba inayoandika, kazi yake hasa ni kubashiri: baada ya neno hili, lipi linafuata? Maneno mawili ya ukoo mmoja, moja linagusa, lingine linakisia, nasi tunayachanganya kwenye bango moja.

Waliounda TOPLAP, umoja wa wanamuziki wa msimbo mubashara, mjini Hamburg mwaka 2004 hawakuhitaji Kiswahili kulifikia jambo hilo. Ilani yao inawataka wanamuziki waonyeshe skrini zao. Wala haidai msikilizaji auelewe msimbo. Mtu hufurahia kumtazama mpiga gitaa bila kujua kulipiga. Anachotakiwa kuona ni mkono ukiwa kazini, pamoja na pale unapokosea.

Fungua Strudel, andika s("bd*4"). Ngoma kubwa inapigwa mara nne kila mzunguko, sawasawa kama saa ya ukutani. Sasa ibadilishe iwe s("bd(3,8)"). Ni mapigo 3 yaliyotawanywa katika nafasi 8: ya kwanza, ya nne na ya saba. Kiuno kinaelewa kabla ya kichwa. Weka 5 mahali pa 3, sikiliza tena. Mwanafunzi aliyefanya hivyo kwa kidole chake amejifunza kitu ambacho mimi nisingeweza kumweleza kwa saa nzima. Yule aliyeletewa mistari 30 iliyokwisha kupikwa hajui hata namba ipi aiguse wimbo ukianza kumchosha. Na nimeshaona mistari ya namna hiyo isitoe sauti kabisa, kwa kuwa mashine imechanganya alama za TidalCycles na nukta za Strudel, kwa jinsi lugha hizo mbili zilivyo jirani, na mwanafunzi anabaki anaukodolea macho ujumbe wa kosa.

Hapo sasa chombo hichohicho cha akili mnemba kinafaa. Kiulize kosa liko wapi, kikueleze mabano yale yanafanya nini, kisha ukifunge urudi kwenye mistari yako. Hata jukwaani sikifukuzi. Jeremy Stewart na Shawn Lawson waliunda Cibo, programu iliyofunzwa kupiga muziki kwa kuandika TidalCycles yenyewe. Kinachotoka humo ni msimbo: unasomeka, unaguswa. Faili la sauti lililokamilika halina pa kushika.

Basi, ndugu yangu wa kisanduku, wimbo wako haukuwa mbaya, hata mimi nilitikisa kichwa. Uite tu wimbo uliotengenezwa na akili mnemba. Siku ukitaka kuuita mubashara, iombe mashine ikupe msimbo badala ya faili la sauti, uuweke kwenye skrini mbele yetu, kisha ubadilishe namba moja wakati ngoma inalia.