Je, wajua kwa nini Ireland haikurudiana na Ufaransa baada ya Henry kunawa mpira?

Novemba 18, 2009, Stade de France, dakika ya 103. Mpira unakaribia kutoka, Thierry Henry anaunawa mara mbili, anausogeza kwa mguu, William Gallas anautia wavuni kwa kichwa. Kipa Shay Given anamkimbilia refa, Martin Hansson wa Sweden, huku akijipigapiga mkono kumwonyesha. Wapi! Refa anaonyesha kati, na Ufaransa inakwenda Kombe la Dunia kwa jumla ya mabao 2-1.

Kesho yake kesi ikahamia serikalini. Waziri wa Sheria wa Ireland, Dermot Ahern, akataka mechi irudiwe. Waziri Mkuu Brian Cowen akamgusia Rais wa Ufaransa, Nicolas Sarkozy, kwa kuwa wote walikuwa Brussels kwenye mkutano wa Umoja wa Ulaya. Sarkozy akampa pole, lakini akasema asiombwe kukaa nafasi ya refa.

Mbona Cowen hakukaza? Mkutano ule ulikuwa wa kumchagua rais wa kwanza wa kudumu wa Baraza la Ulaya, na Ireland yenyewe ilikuwa taabani kiuchumi. Ugomvi na Paris kwa sababu ya mpira ungemsaidia nini? Tena FIFA haitaki mkono wa serikali kwenye soka. Wakenya wanalijua hilo, walifungiwa Februari 2022 baada ya serikali kulivunja shirikisho lao. Kwa hiyo waziri hulalamika hadharani, rufaa hukatwa na shirikisho. Kelele za Ahern, kwa maoni yangu, zilikuwa za wapiga kura wa nyumbani.

Ireland ilitegemea mfano wa Uzbekistan na Bahrain, 2005, mechi iliyorudiwa kwa amri ya FIFA. Lakini pale refa alikosea sheria yenyewe: Uzbekistan walifunga penalti, wachezaji wao wakiwa wameingia kwenye boksi kabla haijapigwa, na badala ya kuagiza penalti irudiwe akawapa Bahrain mpira wa adhabu. Hansson hakukosea sheria, hakuona tu, na alichoamua refa kuhusu tukio la mchezo hakipinduliwi. Novemba 20 FIFA ikakataa, siku ileile Henry aliyokiri kuwa haki ni kurudiana.

Mwaka 2015 ikafichuka kuwa FIFA iliwapa Waireland euro milioni 5. FIFA ikasema ulikuwa mkopo wa uwanja, ukafutwa baadaye. Mkuu wa shirikisho la Ireland, John Delaney, akasema zilikuwa za kuwazuia wasiende mahakamani.