Kemo, stafeli na chupa iliyo chini ya kitanda

"Kemo ni sumu ya kizungu, mitishamba ni ya Mungu."

Hivyo husema baadhi ya watu kuhusu kemo, yaani dawa za hospitali za kuua seli za saratani. Lipo ua dogo la petali tano, la waridi au jeupe, linaloota kwenye nyua za Pwani hata katika ufa wa saruji. Asili yake ni Madagaska. Majani yake ndiyo yaliyotupa vinkristini, dawa ya kemo ambayo tangu miaka ya 1960 watoto wenye saratani ya damu hupewa kwa mshipa, pamoja na wale wenye uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza akiwa Uganda mwaka 1958. Paklitakseli, dawa nyingine ya kemo wanayopewa wengi wenye saratani ya matiti, ilipatikana kwanza kwenye gome la mti wa Marekani. Ugomvi wa mti na hospitali tumeubuni sisi.

"Basi nichemshe hayo majani ninywe."

Usithubutu. Tani nzima ya majani makavu hutoa gramu chache tu za vinkristini, na dozi ya mtu mzima kwa kawaida haizidi miligramu 2 kwa mara moja. Ikivuja nje ya mshipa, huunguza nyama. Sufuria haipimi miligramu, na jani la mti huu si sawa na la mti ule.

"Stafeli inashinda kemo mara 10,000."

Ujumbe huu hauchoki kuzunguka WhatsApp. Kilichopo ni majaribio ya seli za saratani kwenye vyombo vya maabara, na humo hata sabuni itaziua. Tunda kula, ni tamu. Majani ya kunywa kila siku ni habari nyingine: kisiwani Guadeloupe watafiti wameyahusisha na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson.

Manjano nayo? Kwenye mchuzi haina neno. Mwili huifyonza kidogo mno, ndiyo maana wauza vidonge huongeza pilipili manga, na hiyo huweza kuvuruga jinsi ini linavyoshughulikia dawa nyingine.

Tangawizi ina ushahidi wa maana kidogo. Mwaka 2012 utafiti wa Marekani wenye wagonjwa 576 ulionyesha kwamba nusu gramu hadi gramu moja kwa siku, juu ya dawa za hospitali za kuzuia kutapika, ilipunguza kichefuchefu cha siku ya kemo. Juu ya dawa, si badala yake.

"Nikimwambia daktari atanigombeza."

Wapo wanaogomba kweli, na siwatetei. Matokeo yake ni chupa ya chai chini ya kitanda cha wodini, maji ya kahawia ya mitishamba ndani, kifuniko kimezungushiwa mfuko wa nailoni, inayofunguliwa daktari akishapita. Wiki ijayo vipimo vya ini vinarudi vibaya. Daktari anadhani ni kemo, anapunguza dozi au anaahirisha dripu, na chupa inajazwa tena.