Honda Insight ya kwanza: gari la kuhifadhi lisilotaka kuhifadhiwa

Mteja mmoja aliniletea Honda Insight ya kizazi cha kwanza ikiwa imebebwa juu ya lori. Kwa nje ilikuwa inang'aa: rangi ya fedha haina mkwaruzo, viti kama vimetoka kiwandani jana, na kilomita ilizotembea ni chache mno kwa gari la umri ule. Kwa miaka kadhaa ilikuwa imelala gerejini chini ya turubai. "Fundi," akaniambia, "hii nimeitunza kama mboni ya jicho. Sasa taa ya IMA imewaka na gari halina nguvu." IMA ni mfumo wa Honda wa mota ya umeme inayoisaidia injini. Ikabidi nimweleze taratibu kwamba huko kuitunza ndiko kulikoiua betri.

Kazi yangu ni betri za magari ya haibridi, yaani yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, na visa kama cha mteja yule hunirudisha mara kwa mara kwenye swali moja: je, haibridi za mwanzo zitafika mahali pa kuwa magari ya kale yenye thamani, yale ambayo watu huyatafuta, huyarejesha katika hali yake ya awali na kuyarithisha? Kwa Insight jibu langu ni ndiyo, bila kusita. Ila italazimika kutunzwa kwa namna ambayo wakusanyaji wengi hawajaizoea.

Ninaposema haibridi za mwanzo nina maana ya zile zilizouzwa kwa watu wa kawaida. Wazo lenyewe ni la zamani sana. Mwaka 1900 Ferdinand Porsche alijenga gari lenye injini za petroli zilizozalisha umeme wa kuendesha mota zilizokuwa ndani ya magurudumu. Aliliita Semper Vivus, maana yake "hai daima". Jina hilo hunijia kichwani kila ninapofungua betri iliyoachwa ikae. Kisha ikapita karibu karne nzima hadi Toyota ilipoanza kuuza Prius nchini Japani mnamo Desemba 1997. Insight ikafuata mwishoni mwa 1999, na nchini Marekani ikaitangulia Prius kwa miezi kadhaa, hivyo huko ndiyo haibridi ya kwanza ya zama hizi kuuzwa.

Kuwa wa kwanza pekee hakutoshi. Yako magari mengi yaliyokuwa ya kwanza kwa jambo fulani na leo hakuna anayeyataka. Kinachonifanya niiamini Insight ni kwamba waliolitengeneza walikuwa na shabaha moja, kunywa mafuta kidogo kadiri inavyowezekana, nao hawakuilegeza hata pale ilipowagharimu wanunuzi. Viti viwili tu. Bodi ya alumini, iliyoundwa katika kiwanda cha Takanezawa kilichokuwa kikiunda pia NSX na S2000, magari ya michezo ya Honda. Magurudumu ya nyuma yamefunikwa nusu ili upepo upite bila kukwama, na kipimo chake cha ukinzani wa hewa ni 0.25, kiasi ambacho hata leo magari mengi mapya hayakifikii. Injini ina silinda tatu na ukubwa wa sentimita za ujazo 995. Kati yake na gia kumebanwa mota ya umeme yenye unene wa sentimita 6 hivi na nguvu ya kilowati 10. Gari lote, lenye gia ya mkono, lina uzito wa kilo 850 hivi. Katika vipimo rasmi vya Marekani vya wakati ule, barabara kuu lilitembea karibu kilomita 30 kwa lita moja.

Na ni chache. Hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 2006 zilikuwa zimetoka takriban 17,000 duniani kote. Prius ilifikisha milioni moja mwaka 2008.

Prius nayo sitaki kuipuuza, maana kwa upande wa historia inaizidi Insight. Ule mpangilio wake wa gia za sayari na mota mbili ndio msingi wa haibridi za Toyota hadi leo. Lakini ni gari lililochukuliwa kama punda wa kazi: limebeba familia, limebeba abiria wa teksi, likaisha, likapelekwa kwenye vyuma chakavu bila mtu kuhuzunika. Inayostahili kuwindwa ni ile ya kwanza kabisa, ya 1997 hadi 2000, iliyouzwa Japani peke yake. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, hulihesabu gari kuwa la kihistoria likitimiza miaka 30. Kwa Prius za mwanzo hiyo ni mwishoni mwa 2027, na kwa Insight ni 2029.

Sasa nirudi kwenye ile Insight ya mteja wangu, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha jambo.

Betri yake iko nyuma ya viti, chini ya sakafu ya buti. Kwanza nazima swichi kuu, navaa glovu za umeme, nasubiri kapasita, vifaa vinavyohifadhi umeme kwa muda, zimalize chaji, napima, ndipo naingiza spana. Ndani kuna seli 120 za nikeli, kila moja ina umbo na ukubwa wa betri kubwa ya tochi. Zimeunganishwa sita sita kwa kuchomelewa, kichwa kwa kitako, zikawa vijiti 20. Kila seli hutoa volti 1.2, na jumla yake ni volti 144. Nikaanza kupima kijiti kimoja baada ya kingine. Vingi vilikaribiana. Viwili vilikuwa vimeanguka kabisa, kimoja hakifiki hata volti 1, na mwishoni mwake palikuwa na ukungu mweupe wa chumvi uliotoka ndani ya seli.

Kilichotokea ni hiki. Seli za aina hii hupoteza chaji zenyewe hata zisipotumika, tena hazipotezi kwa kasi moja. Gari likiendeshwa, huchajiwa mara kwa mara na tofauti baina yao hubaki ndogo. Likikaa, tofauti inapanuka mwezi baada ya mwezi. Siku ukiliwasha, kompyuta inaangalia kijiti kilicho dhaifu kuliko vyote, inaona hatari, inazuia mota isisaidie. Vijiti 18 vizima vinakaa bure kwa sababu ya viwili.

Kwa magari mengine ya kale, kilomita chache ni sifa, na mnunuzi hulipa zaidi kwa ajili yake. Kwa haibridi ya zamani kilomita chache zinanitia wasiwasi. Nikipewa nichague kati ya Insight iliyotembea kila wiki kwa miaka 20 na ile iliyofunikwa turubai, nitachukua iliyotembea.

Habari njema ni kwamba Insight ina pia starta ya kawaida ya volti 12, kwa hiyo betri kubwa ikizingua, injini bado inaweza kuwaka. Prius haina, betri yake kubwa ikifa, gari halitoki hapo lilipo.

Wapo wanaosema gari lililobadilishwa betri si halisi tena. Sikubaliani nao. Hakuna anayelikataa gari la 1965 kwa kuwa limevaa tairi mpya, na betri ni kitu cha kuchakaa vilevile. Mimi wasiwasi wangu uko kwenye vitu ambavyo havitarudi: kompyuta za kuongoza mota, ambazo kapasita zake nazo zinazeeka, vifuniko vya magurudumu ya nyuma, kioo kikubwa cha mlango wa nyuma, taa. Alumini haishikwi na kutu kama chuma, lakini ikikunjwa kwenye ajali inahitaji fundi aliyefunzwa kuishughulikia, na hao si wengi. Ukikuta Insight iliyogongwa inauzwa kwa bei ya kutupa, inunue kwa ajili ya vipuri.

Kuna jambo jingine linalozipunguza Insight, nalo linaniuma. Kwa kuwa ni nyepesi mno, wapenda mbio huzing'oa injini na kuzipandikiza zile za Honda za familia ya K, zilizo kubwa na zenye nguvu zaidi. Naelewa raha yao, maana gari linakuwa risasi. Lakini kila ikifanywa hivyo, mota ile nyembamba na betri yake vinaishia kwenye pipa la taka, na kilicholifanya gari liwe la kipekee kinakwenda navyo.

Anayetafuta ya kununua, namshauri achukue ya gia ya mkono ya spidi tano. Hiyo ndiyo yenye uwezo wa kuchoma mchanganyiko hafifu wa petroli, yaani wenye hewa nyingi kuliko kawaida, siri ya ule unywaji mdogo. Ya CVT, yaani ya gia ya kujibadilisha yenyewe, haina.

Mteja wangu nilimbadilishia vile vijiti viwili, nikavisawazisha vyote 20 kwa kuvichaji na kuvimaliza chaji polepole mara tatu. Turubai ameiacha kwangu. Vijiti vilivyokufa aliomba nivitunze, nami nimevifunga ndani ya boksi pamoja na lebo ya kiwandani, avichukue siku akija kwa ukaguzi.