Je, wajua kwa nini mchoro wako hupasuka kwenye mkunjo?

Kitabu cha msanii cha kukunja hakihitaji gundi wala uzi. Unachukua karatasi ya A3 yenye mchoro wako, unaikunja iwe vyumba vinane, vinne juu na vinne chini, unakata mpasuko mmoja katikati, kisha unaisukuma kutoka ncha zote mbili. Kurasa zinajipanga zenyewe, kila moja ukubwa wa A6. Ukikifungua chote, mchoro unarudi mzima. Wengine hawakati kabisa, hukunja tu mbele na nyuma. Ndivyo walivyofanya mchoraji Sonia Delaunay na mshairi Blaise Cendrars mjini Paris mwaka 1913: shairi na rangi kwenye ukanda wa karibu mita 2. Walipanga nakala 150, ambazo zikiunganishwa zingefikia mita 300, karibu kimo cha mnara wa Eiffel wakati huo.

Kinachowakatisha wengi tamaa ni mkunjo wenyewe. Unakwenda upogo, karatasi inatoa manyoya, rangi inabanduka na kuacha mstari mweupe. Hapo husemwa kwamba karatasi ni nzito mno, au mkono haukukaza. Mtu anarudi dukani kununua nyembamba zaidi, na sasa mchoro unaonekana hadi upande wa pili. Uzito una sehemu yake, lakini si mkosaji mkuu. Kata vipande viwili vya mraba kutoka manila moja. Kimoja kikunje sambamba na ubavu mrefu wa manila ile, kingine sambamba na ubavu mfupi. Karatasi ni ileile, uzito uleule, mkono uleule, ila mkunjo mmoja utanyooka na mwingine utachanika. Kukaza mkono zaidi kunauzidishia ubaya ule wa pili.

Kinachotofautiana ni mwelekeo wa nyuzi. Karatasi ya kiwandani huanza kama rojo la nyuzi za mti ndani ya maji, likimwagwa juu ya wavu unaokwenda kasi. Nyuzi nyingi hulala zikifuata mwendo wa wavu, na hukaukia hivyohivyo. Tandaza chelewa za ufagio mezani, zibane ubavu kwa ubavu, uzishone kwa uzi ziwe kama jamvi. Ukilikunja jamvi hilo sambamba na chelewa, linakunjika katikati ya njiti mbili bila kuvunja kitu. Ukilikunja kwa kuzikatiza, kila njiti lazima ivunjike, na haitavunjika mahali pamoja na jirani yake. Manyoya unayoyaona kwenye mkunjo mbaya ni ncha za nyuzi zilizovunjika.

Kuujua mwelekeo ni rahisi. Pinda karatasi taratibu bila kuikandamiza, kwanza huku kisha kule. Mstari wa mpindo unaolegea ndio unaofuata nyuzi. Ukiwa bado na shaka, lowesha uso mmoja wa kipande kidogo. Kitajiviringa kuwa mrija, na nyuzi zimelala kwa urefu wa mrija huo, kwa sababu uzi wa karatasi ukinywa maji hunenepa sana lakini haurefuki sana. Karatasi iliyotengenezwa kwa mkono huwa haina mwelekeo dhahiri, maana fundi hutikisa kiunzi huku na huku.

Lakini kitabu chetu kina mikunjo ya pande zote mbili! Ipe nafasi ile ya wima, kwa kuwa ndiyo inayofunguliwa na kufungwa kila siku. Ule wa mlalo hukunjwa mara moja ukatulia. Kwa hiyo nyuzi zifuate ubavu mfupi wa karatasi. Karatasi nyingi za A4 za ofisini zina nyuzi zinazofuata ubavu mrefu, ndiyo maana hukaidi. Ukitaka kitabu kidogo, tafuta A3 ambayo nyuzi zake zinafuata ubavu mrefu, uikate nusu: A4 mbili utakazopata zitakuwa na nyuzi za ubavu mfupi.

Kwa karatasi nzito, chora kwanza mstari wa mkunjo kwa rula na kalamu ya bik iliyokwisha wino. Rangi yenyewe ina sheria yake. Rangi nene, pamoja na poda ya fotokopi, hukaa juu ya karatasi badala ya kuzama, kwa hiyo huweza kupasuka hata nyuzi zikiwa sawa. Mahali pa mkunjo paka nyepesi.