Asesa amepima mita 120, paa lina 163: namna ya kupinga makadirio madogo ya bima

Makadirio ya bima, yale anayoandika asesa aliyetumwa na kampuni ya bima kupima hasara, yakitoka madogo, barua ya kwanza ya mkandarasi huwa fupi: "Bei zenu ziko chini, tunaomba muongeze." Barua ya namna hiyo haifiki mbali, kwa kuwa hakuna mtu ofisini mwenye mamlaka ya kuongeza jumla kwa sababu umelalamika. Anachoweza kufanya ni kusahihisha kipimo kilichokosewa na kuingiza kazi iliyorukwa. Kwa hiyo achana na jumla. Weka makadirio yao na BOQ yako (mchanganuo wa kazi, vipimo na bei) upande kwa upande, uende mstari kwa mstari. Utafute kipimo kwanza, kisha aina ya nyenzo, kisha kazi ambayo haikuandikwa kabisa. Ugomvi wa bei uuweke mwisho, maana fedha nyingi hazipotelei huko.

Kabla ya kushika futi kamba, muombe mwenye nyumba hati ya bima uisome. Dai ni lake, si lako. Wewe huna mkataba na kampuni ya bima, na kujadiliana malipo kwa niaba yake si kazi ya mkandarasi. Kazi yako ni kueleza kitaalamu nini kimeharibika na kitarudishwaje. Barua atasaini yeye, ya kwako itakuwa kiambatisho chenye mhuri na namba ya usajili wa CRB, Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Mchanganuo wa fundi asiyesajiliwa unaweza kuwekwa kando hata kama hesabu zake ni sahihi.

Katika hati hiyo tafuta kiasi kilichokatiwa bima. Nyumba ikiwa inagharimu milioni 120 kuijenga upya na imekatiwa milioni 80, hasara ya milioni 30 italipwa kwa uwiano: 30 mara 80 gawanya kwa 120, yaani milioni 20, na bado hapo haijatolewa sehemu ambayo mwenye nyumba hubeba mwenyewe. BOQ nzuri kiasi gani haiwezi kuifuta hesabu hiyo. Lakini ile 120 imetoka wapi? Thamani inayotakiwa ni gharama ya kujenga upya, si bei ya kuuza. Nyumba ya Raskazone, hapa Tanga, inayotazama bahari ina kiwanja ambacho hakiungui wala hakiezuliwi na upepo. Kama milioni 30 kati ya hizo 120 ni ya kiwanja, kigawanyo sahihi ni 90, na malipo yanapanda hadi milioni 26.67. Hiyo ni hoja ya ukurasa mmoja, na mara nyingine inazidi BOQ nzima kwa faida.

Sasa paa, maana huko ndiko makosa ya kipimo yamejaa. Asesa anayetoka Dar asubuhi na kurudi jioni hapandi juu. Anapima nje ya kuta, tuseme mita 10 kwa 12, anaandika skwea mita 120. Amesahau vitu viwili. Paa limetokeza nje ya ukuta sentimita 60 kila upande, kwa hiyo kivuli chake chini ni 11.2 kwa 13.2, sawa na 147.8. Halafu paa limeinama. Mteremko ukiwa nyuzi 25, unagawanya kwa 0.906 (kosaini ya nyuzi 25) na kupata skwea mita 163. Tofauti ni mita 43, zaidi ya theluthi moja ya kile alichoandika, kabla hujagusa bei hata moja.

Na hizo 163 ni eneo lililofunikwa, si mabati ya kununua. Bati lenye upana wa sentimita 84 ambalo likipandana na jirani yake linafunika 76 linakula asilimia 10 na ushee zaidi: utanunua kama skwea mita 180. Ongeza kofia na mapande yanayokatwa kwenye kona kama paa ni la kona nne. Chora mchoro mdogo wa paa wenye vipimo hivi na ueleze mteremko uliupima vipi. Weka kipande cha bomba cha mita 1 kikiwa kimelala sawa kwa leveli, kisha pima kwa rula paa limepanda kiasi gani katika mita hiyo: ukipata sentimita 46 au 47 ndiyo nyuzi 25 hizo. Piga picha ya rula ikiwa hapo hapo. Asesa akiona mchoro wenye picha hana la kubishana nalo zaidi ya kuja kupima mwenyewe, na akija unataka uwepo.

Aina ya bati ni kosa la pili. Kumbuka geji ikiwa namba kubwa bati ni jembamba. Paa lililokuwa geji 28 likiandikiwa geji 32 si lile tena, na kwa chumvi ya upepo wa Sahare au Mwambani halitadumu hivyo hivyo. Usibishane kwa macho. Kata kipande cha bati lililoharibika, kwangua rangi, pima kwa maikromita sehemu tatu, hifadhi kipande kwenye bahasha yenye tarehe. Misumari nayo: iliyong'olewa hairudi, kwa kuwa raba imeshakufa na tundu limepanuka. Ikiwa mstari wa misumari haupo kwenye makadirio, basi asesa amedhani itatumika ya zamani.

Upepo ukichukua upande mmoja tu, mteja hutaka paa zima ili rangi ifanane. Hoja ya rangi ni dhaifu, mimi siitumii. Hoja yenye nguvu ni mgongo wa bati, yaani umbo la mikunjo yake. Kama mgongo wa zamani hauuzwi tena na mpya hauingiani nao, pale yanapokutana pana mwanya, na maji ya masika yataingia. Leta kipande cha zamani na kipya, vipandishe, upige picha ya mwanya ukiwa na rula.

Kwa nyumba iliyoungua, mstari wa kuutafuta ni ule unaosema "kusafisha na kupaka rangi kenchi", yaani fremu za mbao zinazobeba paa. Mbao ya 2x4 ni milimita 50 kwa 100. Ikiungua milimita 10 kila upande, mbao nzima iliyobaki ndani ni 30 kwa 80. Uwezo wake wa kubeba bila kuvunjika unafuata upana mara kina mara kina: mwanzo 50 x 100 x 100 ni 500,000, sasa 30 x 80 x 80 ni 192,000. Imebaki asilimia 38. Rangi haiwezi kurudisha hiyo 62. Chukua patasi, kwangua mkaa mpaka ufikie mbao yenye rangi yake, pima kilichobaki kwenye kila kenchi, andika namba ya kenchi kwa chaki na upige picha. Nusu siku ya kazi hiyo inageuza "kupaka rangi" kuwa "kubadilisha kenchi 7 kati ya 11", na kila moja ya hizo saba ina ushahidi wake.

Nyumba za zamani za Ngamiani na mjini karibu na bandari zina tatizo lake. Kuta nyingi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na makadirio huja na plasta ya saruji kwa sababu ndiyo iliyo kwenye orodha ya bei ya kila mtu. Saruji kwenye ukuta wa chokaa hufunga unyevu ndani. Chumvi iliyomo inasukumwa nje, plasta inavimba, inaachia kama ganda. Kurudisha ukuta ulivyokuwa ni plasta ya chokaa, tabaka moja baada ya jingine, kila moja likiachwa likaze kabla ya linalofuata. Siku zinaongezeka, na siku za fundi ni fedha: ziandike kama mstari. Ukuta uliolowa usiuanze kabla haujakauka. Bandika nailoni ya sentimita 45 kwa 45 kwa utepe pande zote jioni, ifungue asubuhi. Ukikuta matone upande wa ukutani, bado. Kama makadirio yana plasta lakini hayana muda wa kukausha, hiyo nayo ni kazi iliyorukwa.

Vinavyorukwa mara nyingi zaidi ya vyote havionekani kwenye picha: kubomoa, kubeba kifusi, jukwaa, turubai la dharura, kufunika vyombo, kupima umeme kabla ya kuwasha. Ukuta wa mita 4 kwa 2.7 wenye unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 1.62 ukiwa umesimama. Ukivunjwa hesabu mara moja na nusu, kama 2.4, na mtu lazima aupakie kwenye gari. Soketi na swichi zilizoingia maji ya chumvi hazikaushwi, hubadilishwa. Jipsamu iliyolowa ikatepeta hairudi kuwa ngumu. VAT ya asilimia 18 iongeze ikiwa umesajiliwa na unaitoa kwenye risiti. Kama hujasajiliwa usiiweke, watakubana hapo na kutilia shaka mengine yote.

Kwenye bei, lete nukuu tatu za maduka ya Tanga, zenye tarehe. Na uwe mwaminifu: saruji inatoka hapa hapa Pongwe, inawezekana bei yao ya Dar iko juu kuliko ya kwako. Ikubali kwa maandishi. Ukikubali kupunguza mstari mmoja, mistari mingine 9 unayoipandisha inasikilizwa.

Kitu kimoja usikifanye hata mteja akikuomba vipi: kuificha ndani ya bei ile sehemu anayotakiwa kubeba mwenyewe. Huo ni udanganyifu, na saini iliyopo chini ni yako.

Barua iwe fupi namna hii: "Rejea dai namba fulani. Makadirio ya tarehe fulani, mstari wa 4, yameonyesha eneo la paa m² 120. Kipimo cha eneo la tukio ni m² 163, mchoro na picha 1 hadi 6 vimeambatishwa. Tunaomba ukaguzi wa pamoja kabla ya kazi kuanza." Kila mstari unaopingwa upate aya yake. Iwasilishwe kwa mkono, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Mpaka ukaguzi huo ufanyike, usitupe kitu. Funika kwa turubai, tunza risiti, mabaki yapange pembeni. Ukifungua dari katikati ya kazi ukakuta uharibifu mpya, simamisha sehemu hiyo, piga picha, andika nyongeza siku hiyo hiyo. Nyongeza inayoletwa baada ya plasta kupigwa haina kinachoweza kukaguliwa.

Kampuni ikikataa, mwenye nyumba aombe sababu kwa maandishi, mstari kwa mstari. Majibu hayo ndiyo atakayopeleka TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Na aangalie karatasi atakayopewa asaini kabla ya hundi. Kama imeandikwa kwamba malipo ni ya mwisho na hana dai jingine, akisaini nyongeza zako zote zimeishia hapo. Aombe iandikwe kuwa ni malipo ya sehemu, ile isiyobishaniwa, na mistari inayobaki itajwe kwa namba zake.