Presha ikisoma juu haimaanishi mgonjwa anaruka dawa

Wengi tunaamini presha ikisoma juu kliniki basi mgonjwa hamezi dawa, ikisoma vizuri basi anameza zote. Inaeleweka, maana namba ndo kitu tunachokiona. Ila mashine inapima presha ya dakika ile tu, haihesabu vidonge, na mtu anaweza kumeza kila siku presha ikabaki juu kwa sababu dozi haitoshi, chumvi ni nyingi, anatumia dawa za maumivu kama diclofenac au anapata wasiwasi akimwona daktari. Mwingine anaruka wiki nzima anakuja kumeza siku chache kabla ya kliniki, inasoma poa kabisa, na huyu ndo ananipa hofu zaidi.

Ndo maana wataalamu wanaangalia pia tarehe za kuchukua dawa, vidonge vilivyobaki, hata mkojo kama una dawa, na kigezo kinachotumika sana kusema mtu anafuata dawa vizuri ni kumeza angalau asilimia 80 ya dozi.

Nyumbani cheki hivi: ulipewa vidonge 30 vya kimoja kwa siku, siku 20 zimepita, vibaki 10, ukikuta 16 umeruka 6. Presha nayo pima umekaa umetulia dakika 5, asubuhi na jioni, andika kwenye daftari uende nalo kliniki.